Bei elekezi ya sukari: Bashe, Mpina na Mangi ambaye hakuulizwa

Wadau, kila sukari ikipanda hii nchi mjadala ni ule ule, kuna wanaosema serikali ipange bei na atakayezidisha akamatwe, kuna wanaosema waache soko lijiendeshe, watu wanabishana weee mpaka sukari inashuka yenyewe na ishu inasahaulika. Mimi nadhani pande zote mbili zina nusu ya ukweli na zote zinakwepa swali lenyewe, ambalo ni nani anashika ufunguo wa mlango wa kuingizia sukari, na anaufungua lini.

Tukumbushane kwanza. Mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 mvua za El Nino zilipiga kweli kweli, mashamba ya miwa yakajaa maji, magari hayaingii shambani, na hata muwa ukikatwa una maji mengi sukari kidogo, viwanda vikasimama ama vikapunguza uzalishaji. Kilo ikaenda 4,000, ikaenda 5,000, kuna mikoa ilipita hapo. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatoka na bei elekezi, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea na kanda. Kilichofuata mnakijua, bei elekezi ikabaki kwenye tangazo na sukari ikaendelea kuuzwa kwa bei yake, tena sasa kwa kujificha.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. Februari 2016 Magufuli alizuia sukari isiingizwe nchini bila kibali chake mwenyewe, nia ilikuwa kulinda viwanda vya ndani, haikupita miezi mingi ikaadimika, serikali ikasema kilo ni 1,800, maghala yakaanza kusakwa, na huku mtaani mtu ananunua juu zaidi ya hapo na anashukuru ameipata. Aprili 2020 tena, Ramadhani inaingia na Corona ndo imepamba moto, zikatangazwa bei elekezi nyingine kwa mikoa. Yaani mara tatu ndani ya miaka nane dawa ni ile ile, na hamna aliyekaa akauliza mbona mgonjwa haponi.

Ila wanaotaka bei ipangwe tusiwabeze, hoja yao ni nzito. Sukari kwa Tanzania haijawahi kuwa soko huria hata siku moja. Viwanda unavihesabu kwenye vidole, na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa sukari ya kutoka nje ya jumuiya ni asilimia 100 au dola 460 kwa tani, inatozwa ile iliyo kubwa. Sasa wewe umejengewa ukuta wa namna hiyo, mshindani wako hapenyi, alafu miwa ikizama unaniambia soko liamue, soko lipi? Ukilindwa na serikali, serikali ina haki ya kukuuliza unauza shilingi ngapi na kwa nini. Kuna hili pia, msambazaji mwenye mzigo mkubwa ghalani akiona bei inapanda kila wiki ana kila sababu ya kusubiri, sio lazima awe mtu mbaya, ni hesabu tu, na akisubiri yeye na wenzake watano wa mkoa mzima basi uhaba mdogo unageuka kuwa uhaba mkubwa. Bila kitisho chochote kutoka juu nani atamwambia afungue ghala?

Sasa nenda kwa Mangi, yule mwenye duka dogo la mtaani. Chukulia mfuko wa kilo 50 ameuziwa 190,000 kwa jumla, hapo kilo moja imemsimamia 3,800 kabla hajalipa kirikuu kilichomletea, kabla ya vifuko, kabla ya ile inayomwagika kwenye kupima robo robo. Tangazo linasema auze 3,000. Auze kwa hasara? Hamna mtu anafanya hivyo. Kwa hiyo ama anaacha kabisa kuleta sukari, ama anaiweka chini ya kaunta anawauzia anaowajua, na mama ambaye hajulikani pale dukani anaambiwa imeisha. Wakija maafisa biashara wanataka risiti, na risiti ndo mtihani wenyewe, maana aliyemuuzia jumla anaweza kumwandikia bei halali kwenye karatasi na tofauti ikamalizwa kwa kesh pembeni. Mwisho wa siku anayekamatwa ni mwenye mifuko miwili. Mwenye mifuko elfu mbili ana mwanasheria.

Wazee wetu haya wameyaishi. Tume ya Bei ilianzishwa 1973 na ilikuwa inapanga bei za maelfu ya bidhaa, ikafika 1983 tuko kwenye msako wa Waziri Mkuu Sokoine wa walanguzi na wahujumu uchumi, watu wanatupa mizigo usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Msako ulionyesha bidhaa zilifichwa, hiyo kweli, ila viwanda vilikuwa havizalishi na fedha za kigeni hazipo, na hilo msako haukuweza kulitibu. Ilibidi ije ruksa ya Rais Mwinyi, ya kulegeza biashara, ndo maduka yakaanza kujaa, na bei zikawa juu, hilo nalo tuliseme.

Mtu ataniuliza, mbona mafuta yanapangiwa bei na yapo? Swali zuri, na mimi hapa ndo naona jibu lilipo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ile bei haitoki kichwani kwa mtu, inaanzia kwenye bei ya mzigo soko la dunia, inaongezwa usafiri wa meli, dola ilivyo, kodi na tozo, faida ya wa jumla na wa rejareja, mpaka umbali wa wilaya yako kutoka bandarini. Gharama ikipanda kikomo kinapanda, tunalalamika lakini sheli anauza kwa sababu bado anapata chake. 2022 vita ya Ukraine ilipofanya bei kuwa haivumiliki serikali haikumwambia mwenye sheli auze kwa hasara, ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, maana yake waliokula hasara ni hazina, na hazina ndo yenye uwezo huo. Sisemi ni mfumo mtakatifu, katikati ya 2023 mafuta yaliadimika, dola hazipatikani na kuna waliokuwa wanaficha wakisubiri bei mpya itangazwe. Ila linganisha na sukari, ambako namba inatangazwa wakati mzigo haupo na hamna aliyebeba tofauti.

Kuna kitu kingine wanasiasa wanakichanganya makusudi au kwa kutokujua. Wanasema tunapambana na mfumuko wa bei. Wakati kilo ya sukari inakaribia mara mbili ya bei yake, mfumuko wa bei wa taifa kwa takwimu za NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, ulikuwa kama asilimia 3, na mwezi ule ule wa Januari 2024 BoT ndo imeanza kutumia riba ya Benki Kuu, ile inayopandishwa ili kupoza mfumuko, ikaiweka asilimia 5.5. Sasa hata wangeiweka 15 isingekausha shamba lililojaa maji. Sukari ni kitu kimoja kwenye kapu la mamia ya vitu, ikipanda peke yake huo sio mfumuko wa uchumi mzima, ni uhaba wa bidhaa moja, na uhaba wa bidhaa unatibiwa kwa bidhaa. Mama wa chapati na maandazi haimsaidii kitu kuambiwa uchumi uko imara, lakini kiongozi anayepanga sera anatakiwa ajue anapigana na nini.

Ndo tufike kwenye ile vita ya bungeni. Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa wakati ule, alimshutumu aliyekuwa Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kwamba amesema uongo bungeni na kwamba vibali vya kuingiza sukari vimetolewa kwa kampuni zisizostahili, kinyume na sheria ya sukari. Bashe yeye msimamo wake ulikuwa kwamba viwanda vilipewa nafasi ya kuleta na havikuleta mzigo kwa wakati, kwa hiyo akafungua mlango kwa wengine ili mlaji apone. Juni 2024 Mpina akafungiwa vikao 15, rasmi kwa kosa la kupeleka ushahidi kwa waandishi wakati umeshakabidhiwa kwa aliyekuwa Spika, Tulia Ackson. Na hapo mjadala ukageuka wa nidhamu, nani kamkosea nani, ile hoja ya vibali ikapotelea kwenye vumbi.

Nikisoma hoja za hawa wawili naona kila mmoja ana pa kusimamia. Bashe kwenye swali la nani aruhusiwe kuleta sukari wakati wa dharura ana point kubwa, huwezi kumpa mzalishaji haki ya peke yake ya kuziba pengo ambalo yeye anafaidika likibaki wazi. Huo ni utaratibu wa ajabu sana na ulidumu miaka. Lakini Mpina kwenye swali la utaratibu yuko sawa, kama sheria inasema vile ibadilishwe kwanza ndo utoe vibali, maana waziri mwenye mamlaka ya kuchagua nani alete mzigo wenye faida nono na nani asilete, hata awe malaika, watu watauliza alichaguaje. Kweli sheria ikabadilishwa, kupitia Sheria ya Fedha ya 2024 NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wakapewa uwezo wa kununua, kuingiza na kuhifadhi sukari kama wanavyofanya kwenye nafaka. Wenye viwanda walipinga kwa nguvu, hofu yao ni kwamba serikali italeta mzigo wa bei chee wakati wao stoku yao iko ghalani na mkulima wa miwa anadai hela yake.

Hofu hiyo siidharau, maana kwenye mahindi tumeona upande wa pili wa shilingi. 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, mlaji wa mjini alifurahi, mkulima wa Rukwa na Ruvuma akabaki na magunia yake akiangalia bei inaporomoka na mbolea aliinunua kwa hela kamili. Ile nayo ilikuwa kupanga bei, ila imevaa nguo za sera ya biashara. Na hamna aliyemwita mlaji mlanguzi.

Mimi ningetaka NFRA ibaki na hiyo kazi lakini uamuzi utoke mikononi mwa mtu. Iwekwe kwenye kanuni kwamba stoku ya nchi ikishuka chini ya wiki kadhaa vibali vinafunguka vyenyewe, kwa mnada, kampuni na tani zinatangazwa hadharani, na stoku ikirudi vinafungwa bila kusubiri waziri arudi safari. Stoku yenyewe itangazwe kila mwezi kama EWURA wanavyotangaza bei. Atakayepinga hili mwangalieni vizuri, anaweza kuwa mwenye kiwanda na anaweza kuwa mtoa kibali, wote wawili wanakula kwenye giza hilo hilo.

Na muda wa kuandika hizo kanuni ni sasa wakati sukari ipo, kwa sababu kesho kelele zitatoka upande mwingine kabisa. Mradi wa upanuzi wa Kilombero peke yake umelenga kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka, na viwanda vingine navyo vinajitanua. Ukija mwaka mvua nzuri na maghala yakafurika, wakulima wa miwa watataka bei ya chini isiyovukwa, wabunge wale wale wa kutetea walaji watasimama kutetea wakulima, na Bodi itaombwa bei elekezi nyingine, safari hii ya kumzuia Mangi asiuze rahisi.