EITC ni haki ya mfanyakazi: tuidai, na tuidai kwa ukweli

Serikali ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba katika kila wafanyakazi 5 wanaostahili kupata EITC, yaani Earned Income Tax Credit, mmoja haidai. Mimi hukaa na watu wetu waliohamia Marekani msimu wa kodi, nikiwatafsiria mbele ya wanaojitolea kuwajazia fomu, na sina shaka kwamba ndani ya hao wasiodai wamo Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wengi. Wengine wanaidai, lakini sehemu nzuri ya hela inaishia kwa mtu aliyewajazia. Hali zote mbili zinaniuma, kwa sababu hii ni hela ya watoto.

Kwa asiyeijua, EITC ni nafuu ya kodi ya mapato kwa watu wanaofanya kazi lakini kipato chao ni kidogo au cha wastani. Nguvu yake ni hii: hata kama hudaiwi kodi ya mapato, unalipwa tu. Chukua mama anayelea watoto 2 peke yake, anahudumia wazee usiku kwenye nyumba ya wazee, na kwa mwaka 2025 amepata dola 20,000. Kodi yake ya mapato ni sifuri. EITC yake ni dola 7,152. Kwa mwaka huo, mwenye mtoto mmoja kiwango cha juu ni dola 4,328, na mwenye watoto 3 au zaidi ni dola 8,046. Wanandoa wenye watoto 3 wanaojaza pamoja wanaweza kupata kitu kwa mwaka huo hata kama kipato chao kimefika dola 68,000, ingawa huko juu kinachobaki ni kidogo sana.

Nawasikia wazee wetu wakisema, "Mwanangu, hela ya bure ya serikali ina deni lake." Naelewa hofu hiyo. Mtu aliyeishi miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akihesabiwa kwa kadi ya mgao ana sababu ya kuogopa fomu. Lakini tazameni inavyohesabiwa. Mwenye watoto 2 huongezewa dola 40 kwa kila dola 100 alizofanyia kazi, mpaka kipato kifike dola 17,880 kwa mwaka 2025; kisha inasimama, na baadaye inaanza kupungua taratibu. Asiyefanya kazi kabisa hapati hata senti. Tena yule mama wa usiku ameshakatwa asilimia 7.65 ya mshahara wake kwa ajili ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (matibabu ya wazee), tangu dola ya kwanza, kabla hata hajaiona cheki. Ndiyo maana sheria hii ilipitishwa mwaka 1975, wakati wa Rais Gerald Ford. Aliyeisukuma sana ni Seneta Russell Long wa Louisiana, mtu aliyekataa kabisa wazo la kuwapa fedha watu wasiofanya kazi. Huyo hakuwa mtu wa kugawa sadaka. Aliona kwamba mfanyakazi wa chini anakatwa makato mazito, akataka arudishiwe.

Na haina deni. Haihesabiwi kama kipato unapoomba msaada wa chakula wa serikali kuu au Medicaid, matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ukiiweka benki haihesabiwi kama mali yako kwa miezi 12. Aliyekwambia ukiichukua utanyimwa chakula amekupotosha.

Sasa niseme kuhusu wajazaji. Kila mji wenye watu wetu wengi una mtu anayejulikana kwa "kuleta nyingi". Anatoza asilimia ya marejesho, au anakata ada yake kabla hela haijafika kwako. Wengine hawatii sahihi kwenye ritani (fomu ya kodi ya mwaka) waliyoijaza, na hilo ni kosa kisheria: anayelipwa kujaza lazima aweke sahihi na namba yake ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iitwayo PTIN. Kuna wanaotangaza kwamba kwao hela inatoka haraka kuliko kwingine. Haiwezekani. Sheria inaikataza IRS kutoa marejesho yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, kwa kila mtu, awe nani. Ukipewa hela kabla ya hapo ujue umekopeshwa, na uulize gharama yake.

Huduma ya bure ipo, inaitwa VITA, kifupi cha Volunteer Income Tax Assistance, watu wanaojitolea kujaza fomu za kodi. Ukipiga 211 watakuelekeza ilipo karibu na kwako: maktaba, makanisa, vyuo. Wanaojaza wamefanyiwa mtihani, na kazi yao hukaguliwa na mtu wa pili kabla haijatumwa. Nenda na kitambulisho, kadi za Social Security za nyumba nzima, W-2 zote (karatasi za mshahara za mwaka kutoka kwa mwajiri) hata ile ya kazi uliyofanya wiki mbili ukaacha, na karatasi za 1099, za mapato ya kujiajiri, kama unaendesha Uber. Kama mna ndoa na mnajaza pamoja, nendeni wote wawili. Omba mkalimani mapema, au nenda na mtu mzima anayejua lugha. Tafadhali usimpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kueleza mambo ya kipato cha wazazi wake.

Nimefika kwenye watoto, na hapa ndipo penye kazi.

Mtoto anayehesabika lazima awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, na wewe vilevile, na mwenzi wako. Kadi iliyoandikwa kwamba inahitaji kibali cha uhamiaji inakubalika. Namba ya ITIN, ile ya kodi wanayopewa wasio na Social Security, haitoshi. Mtoto awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote. Mwenye ulemavu wa kudumu hana kikomo cha umri. Na awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa hiyo mtoto uliyemwacha Kigoma, hata kama unamtumia ada kila muhula, haingii. Waliofika Agosti, kwa mwaka huo hawaingii.

Halafu kuna undugu. Sheria inawatambua watoto wako, wa kambo, wajukuu, wadogo zako, na watoto wa kaka na dada zako mliozaliwa baba au mama mmoja. Inaishia hapo. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni kaka yangu, na mtoto wake ni mtoto wangu, nitamlea bila kuulizwa. Kwa IRS huyo ni mtoto wa binamu, na hahesabiki hata akiwa amekula mezani kwako miaka 10. Nimeona mtu akijibu kwa moyo safi kabisa "ni mtoto wa kaka yangu", fomu ikajazwa hivyo, kisha barua ya IRS ikaja. Kwa hiyo ukiulizwa, eleza ukoo wote: mama zenu ni nani, baba zenu ni nani.

Hili naliona ni dhuluma, na nalisema wazi. Familia iliyookota yatima njiani wakati wa vita, ikamvusha mpaka, ikamlea kambini na kufika naye hapa, inabeba mzigo uleule wa kodi ya nyumba na viatu vya shule. Sheria inamtambua mtoto wa namna hiyo pale tu mlipomwasili kisheria, au mahakama au wakala mwenye mamlaka alipomkabidhi kwenu. Wenye uwezo wa kufika kwa mwanasheria wa msaada wa bure wafanye hivyo mapema. Na wenye sauti kwenye jumuiya zetu walipeleke jambo hili kwa wabunge wao.

Lakini dhuluma hiyo haihalalishi kuazimana watoto. Najua inafanyika: mwenye watoto 5 anampa shemeji yake wawili "awaweke kwake", kwa sababu baada ya watatu EITC haiongezeki. Wengine wanaandika mapato ya kusuka nywele ambayo hayakuwahi kuwepo ili kiwango kipande. Ukikutwa umefanya uzembe wa makusudi unafungiwa kudai EITC miaka 2. Ukikutwa na udanganyifu, miaka 10, na ulichochukua unakirudisha pamoja na riba na adhabu. Miaka 10 ni utoto mzima wa mtoto. Mjazaji aliyekushauri hivyo atakuwa ameshahamia mji mwingine, na jina lililo kwenye ritani ni lako.

Hata mkweli anaweza kuandikiwa barua. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba walipakodi Weusi hukaguliwa karibu mara 3 hadi 5 zaidi ya wengine, na mkuu wa IRS wa wakati huo, Daniel Werfel, alikubali kwamba tofauti hiyo ipo. Ni aibu kwa nchi tajiri kumkagua mfagiaji kuliko tajiri. Huku tukiipinga, tujilinde. Weka faili moja nyumbani: barua ya shule yenye jina la mtoto na anwani yako, karatasi za kliniki, mkataba wa nyumba. Barua ya IRS ikija usiitupe wala usikae kimya. Wengi wanaopoteza ni wale ambao hawakujibu, wala si kwamba walidanganya.

Uliza pia kuhusu jimbo lako. Maine, Iowa na Colorado wana nafuu yao juu ya ile ya serikali kuu. Washington haina kodi ya mapato ya mishahara lakini ina malipo yake kwa familia zinazofanya kazi, nayo huombwa kwa fomu ya peke yake. Texas hakuna.

Na kama miaka iliyopita ulistahili hukudai, una miaka 3 ya kurudi nyuma, iwe hukujaza kabisa au ulijaza ukaisahau. Kwa mwaka 2022, mwisho wa kudai ni Aprili 2026. W-2 ya zamani ikipotea, IRS wanatoa nakala ya kumbukumbu za mapato yako bila malipo.