Kimya cha rubani juu ya mkondo wa Pemba

Tulikuwa abiria kumi na mmoja asubuhi ile, Unguja kwenda Pemba, ndani ya Cessna Caravan, vile videge vya injini moja ambavyo wengi wetu hatuvipandi kwa anasa bali kwa sababu kuna mgonjwa anasubiri au kikao kinaanza saa tatu. Pemba ilikwisha onekana. Rubani akavuta kishikio kilichoko kuliani kwake, akakirudisha, akakivuta tena. Msaidizi wake akachungulia bawa la upande wake, akatikisa kichwa. Kikatoka kijitabu, kikafunguliwa juu ya paja. Halafu kisiwa kikaanza kuhama dirishani, kidogo kidogo, mpaka tukawa tumekipa mgongo.

"Mwanangu, mbona tunaiacha Pemba?" aliniuliza bibi aliyekaa mbele yangu, kikapu cha ukili mapajani.

"Sijui, bibi. Labda upepo."

Hakunijibu. Alianza kuvuta uradi.

Zilipita dakika kumi na mbili kwa saa yangu ndipo msaidizi akageuka, akainua hedifoni sikio moja, akapaza sauti: flapsi zimegoma, ndege haina tatizo jingine, tunarudi Unguja, tutatua kwa kasi kuliko mlivyozoea, kazeni mikanda. Maneno hayo hayakumaliza sekunde ishirini.

Flapsi ni vile vibawa vinavyoteremka nyuma ya bawa wakati wa kutua, ili ndege ipunguze mwendo na bado ibebwe na hewa. Zikikataa, ndege inaruka kama kawaida, ila lazima iguse ardhi ikiwa mbio zaidi, na hapo inakula barabara. Kiwanja cha Pemba pale Wawi kina barabara ya karibu kilomita moja na nusu. Ya Abeid Amani Karume, Unguja, inapita kilomita tatu, na mafundi wa ndege ile wako huko huko. Hata fundi baiskeli angekuchagulia. Kwa hiyo kurudi kwetu sina ugomvi nako. Tulitua salama, gari la zimamoto likitusindikiza pembeni. Ugomvi wangu ni zile dakika kumi na mbili.

Jioni, nilipokwisha fika Chake Chake kwa ndege nyingine, mambo yaliletwa barazani. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa majahazi hakutaka hata kusikiliza. "Chombo kinakwenda mrama, wewe unataka mwenye sukani akuhadithie?" Na kweli, nusu ya haki ni yake. Marubani wanafundishwa mpangilio usiopinduliwa: kwanza irushe ndege, pili ujue unakokwenda, mwisho ndiyo useme. Na kusema kwenyewe kunaanza na mnara wa kuongozea ndege. Abiria ni wa mwisho katika wa mwisho.

Mpangilio huo haukuja bure. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern, shirika la Marekani, safari namba 401, ilikuwa ikijiandaa kutua Miami pale taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka ilipokataa kuwaka. Chumba kizima kikashughulika na taa ile. Hakuna aliyeona kwamba ndege inateremka taratibu, ikaingia kwenye kinamasi cha Everglades. Walikufa watu 101, na kilichoharibika ilikuwa balbu. Ukijua kisa hicho huwezi kumlaumu rubani anayetuacha na hofu zetu wakati mikono na macho yake yana kazi.

Lakini mzee wetu alizoea jahazi, na jahazini kila mtu anaona tanga. Mwalimu wa skuli aliyekuwa kiti cha nyuma yangu asubuhi ile alilijibu hilo vizuri kuliko mimi. Kwenye ndege kubwa, alisema, kuna mlango, rubani akinyamaza hujui kama amenyamaza. Caravan haina mlango kati ya rubani na abiria. Unaiona shingo yake ikitoka jasho, unaona kijitabu pajani. Kimya kile hakikuficha kitu, kilituachia kila mmoja atunge habari yake. Na mmoja alikwisha itunga: kijana wa kiti cha mwisho aliwasha simu, akapata mtandao, akampigia mkewe. Hata hatujagusa ardhi, mjini Chake ilikuwa imeenea kwamba kuna ndege imeangukia mkondoni. Kisiwa hiki kilichozika watu wa meli iliyozama, MV Spice Islander, Septemba 2011, kisha mwaka uliofuata yakaja ya MV Skagit, habari ya namna hiyo hakiipokei kama umbeya.

Mimi naongeza hoja ambayo barazani haikuguswa, na kwangu ndiyo nzito. Kumwambia abiria siyo kumtuliza tu. Tarehe 8 Januari 1989 ndege ya British Midland iliyotoka London kwenda Belfast iliharibika injini ya kushoto. Marubani wakadhani ni ya kulia, wakaizima ile nzima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ndiyo yenye matatizo. Waliokaa upande wa kushoto walikuwa wameona moto kwa macho yao. Wakashangaa, wakanyamaza: nani wa kumsahihisha kapteni? Ndege ikaanguka karibu na Kegworth, wakafa watu 47. Habari iliyohitajika mbele ilikuwa imekaa vitini. Watu wa upande wa kimya watasema hapo tangazo lilitolewa na halikusaidia. Sawa. Ila abiria waliozoea kusemeshwa, na wahudumu waliozoea kuulizwa, huenda wangethubutu kuinua mkono.

Wala haihitaji hotuba. Juni 1982, Eric Moody wa British Airways alipozimikiwa na injini zote nne karibu na Java, kwa sababu ya majivu ya volkano, aliwaambia abiria kwa sentensi chache tu: tuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama, tunafanya kila tuwezalo kuziwasha. Kuliita lile tatizo dogo ni Uingereza yao hiyo, lakini hakudanganya kitu.

Sasa zile kumi na mbili. Mimi nazigawa. Kujaribu kishikio, kusoma kijitabu, kugeuza ndege, kuzungumza na mnara: tuseme tano, na hizo nawasamehe bila masharti. Zilizobaki tulikwenda moja kwa moja kuelekea Unguja, hewa imetulia, mbele kuna watu wawili na wa pili mikono yake iko magotini. Niliiona. Angekuwa rubani peke yake, kama inavyotokea kwenye videge hivi, ningesimama na yule mzee mpaka mwisho. Walipokuwa wawili siwezi.

Kampuni zingeweza kuliondoa jambo hili hapo hapo chini, kabla injini haijawashwa. Maelezo tunayopewa ni mkanda, mlango na koti la kuokolea. Sentensi moja ingetosha: mkituona kimya tuna kazi, tukipata nafasi tutawaambia. Nimeshasikia hoja kwamba itawatisha watalii. Labda. Sisi tulitishika bila kuambiwa.

Mchana ule tulipopanda ndege ya pili, bibi wa kikapu alikaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya rubani, mwingine, kijana mdogo. Kabla hajavaa hedifoni akamgusa bega.

"Mwanangu, kukiwa na jambo utwambie."

Kijana akacheka. "Nikiwa na nafasi, bibi."

"Basi mie nitakutazama mikono," bibi akasema, akafunga mkanda.