Nilivyoingia Ndani ya Ngoma Bila Hodi

Meli yetu ilikwama bandari ya Veracruz, Mexico, siku 11 tukisubiri kipuri cha pampu. Baharia akikosa kazi hutafuta balaa, na balaa langu lilianzia kwenye simu. Niliona video ya wenyeji wakicheza La Bamba: mwanamume na mwanamke, nguo nyeupe pe, wamelaza utepe mwekundu chini. Miguu inakwenda, inakwenda, mara utepe umejifunga fundo la kipepeo bila mkono kuugusa.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Shule nilikimbia, ila ngoma sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nayo. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Siku tatu mfululizo nikafanya mazoezi katikati ya jenereta mbili, kwa kamba ya kufungia mizigo. Fundi mkuu alipita, akaniona nimejipinda miguu na jasho linanitoka, akaniuliza kama choo cha chini kimeziba tena.

Habari zikamfikia wakala wa meli, kijana wa hapo hapo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwa Kiingereza chetu cha bandarini kwamba mambo ya utepe ni ya majukwaani. Kama nataka kuona ngoma yenyewe, Jumamosi anakwenda kwa shangazi yake, kijijini kando ya mto Papaloapan. Kutakuwa na fandango, yaani sherehe yao ya muziki na kucheza.

Nikanunua utepe mwekundu hata hivyo. Mtu huwezi kujua.

Njiani tulipita kibao kimeandikwa Mocambo, kisha kingine Mandinga. Nikamwambia asimamishe gari, haya majina ni ya kwetu! "Ya Afrika, ndiyo," akasema, "lakini Wamandinka ni watu wa Afrika Magharibi, si majirani zako." Hapo ndipo alipofunguka. Veracruz ndiyo ilikuwa bandari kuu ambayo Wahispania walishushia mateka wa Kiafrika. Wengine walitoroka wakapanda milimani, na kiongozi wao mmoja, Yanga, aliwasumbua sana watawala wa Kihispania. Mwaka 1609 wakamtumia jeshi, wasimmalize, na mwishowe watu wake wakapewa mji wao. Tangu 1932 mji huo unaitwa Yanga. Waliobaki mabondeni wakachunga ng'ombe, wakachanganyika na wenyeji wa asili na Wahispania, damu kwa damu na wimbo kwa wimbo. Ndio hao Wajarocho, na muziki wao ni son jarocho.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya chuchumbé. Ilikuwa ngoma iliyoingia kwa meli kutoka Havana, watu wakicheza tumbo kwa tumbo. Mwaka 1766 mahakama ya Kanisa ikaipiga marufuku. Nikamwambia mahakama hiyo ingefika Tanga msimu wa harusi, ingekosa pa kuwaweka wafungwa.

"Na ngoma yenyewe, ile ya kupiga, iko wapi?" nikauliza. Akasema ngoma kubwa ya kwao ni tarima, sanduku la mbao la kupandwa juu, nalo hupigwa kwa visigino. Hapo nikajipongeza kimoyomoyo. Kumbe nilikuwa nimevaa buti za kazini, zile zenye chuma puani. Kama ngoma inapigwa kwa miguu, nani ataniweza?

Kwa shangazi tulikaribishwa kama ndugu. Nikala tamale, unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa majani ya mgomba, nikahisi niko Muheza. Tarima ilikuwa katikati ya ua, chini chini, ndani tupu, pembeni ina matundu ya kutolea sauti. Wapigaji wakakusanyika na jarana zao, vigitaa vyembamba vya nyuzi nane. Mzee mmoja alishika taya la punda. Ndiyo, taya, na meno yake yote. Ukiligonga, meno yanacheza ndani ya mfupa mkavu na kutoa mlio wa kutetemeka. Nililitazama sana lile taya, nadhani nalo lilikuwa likinitazama.

Muziki ukaanza. Wakapanda wanawake wanne, wakatazamana wawili wawili. Nikasubiri wanaume wapande. Hakupanda hata mmoja. Jamani, wanawake wazuri namna ile, wamekosa wa kucheza nao? Nikaingiwa na huruma. Nikapanda.

Mwanzoni nilikwenda nao sawa, au niliamini hivyo. Wale wanawake walikuwa wananitazama kwa macho makubwa, nikajua ni ufundi wangu. Mara mwimbaji akafungua kinywa, na wao wote wakapunguza miguu, wakawa wanateleza taratibu kama wanaofagia. Nikasema hawa wamechoka. Hapa ndipo mtu wa Tanga anapotakiwa. Nikainua goti mpaka kifuani, nikashusha buti.

Ubao ukasema *kraa!* na mguu ukazama mpaka gotini.

Muziki ukakatika. Mzee wa taya alibaki na kijiti hewani. Wakala akaja mbio, na badala ya kunivuta akaanza kunisomea mashtaka. Kwanza, ule ulikuwa Siquisirí, wimbo wa kufungulia fandango, hauchezwi ila na wanawake. Pili, mtu akiimba beti, miguu hushuka ili maneno yasikike. Kishindo cha visigino kinarudi beti likiisha. Tatu, beti lenyewe lilikuwa la kusalimia na kuomba ruhusa ya kuanza.

Yaani wao walikuwa wanapiga hodi. Mimi nilikuwa nimeshaingia.

Wanaume wawili walinishika makwapa wakanivuta. Nikatoka, buti likabaki. Mtoto mmoja akatumwa alitafute kwa kupitisha mkono kwenye tundu la pembeni. Katika kuvutwa, utepe wangu ukachomoka mfukoni, ukaanguka mbele ya shangazi. Akauokota, akautazama, akanitazama ugoko unaovuja damu. Akanifunga nao. Fundo la kipepeo, safi kabisa, tena kwa mkono.

Fandango ikaendelea mpaka kukakucha, juu ya nusu ya tarima iliyosalia. Na hawa watu hutunga beti papo kwa papo! Kila mwimbaji aliyesimama, nikisikia tu "bota," yaani buti, na "África," ua mzima unaanguka kwa kicheko. Wakala aligoma kunitafsiria. Alfajiri nikaomba msumeno na ubao, nikatengeneza nilichoharibu, maana ufundi mwingine kweli ninao. Shangazi akaujaribu kwa kisigino, akatikisa kichwa. Ubao wangu unalia kama debe.

Melini nikampigia simu mke wangu. Nikamweleza yote, toka Yanga mpaka taya la punda.

"Kwa hiyo umeumia ngomani," akasema.

"Ndani ya ngoma, mama watoto. Ndani kabisa."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Baba watoto," akasema polepole, "hao wanawake wanne uliowaonea huruma, hebu rudia hapo."