Versement mbili: kutoka Kasapa hadi kituo cha tramu

Kila asubuhi ya masomo nashuka kwenye kituo cha tramu kiitwacho Bibliothèques universitaires, hapa Grenoble, Ufaransa. Jina halidanganyi: ukishuka, maktaba ziko pale pale. Tramu ya mstari B ilifika chuoni mwaka 1990, ya C ikafuata baadaye. Kuna paa, benchi, na kibao kinachoonyesha dakika zilizobaki. Ndugu zangu wa Lubumbashi wakinipigia simu huniuliza habari za baridi na pesa. Mimi natamani tuongee juu ya kile kibao.

Nilisoma Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nikiishi mtaa wa Katuba kwa mama mkubwa. Bisi (basi) moja hadi mjini, nyingine hadi chuoni. Saa ya somo niliijua, saa ya bisi hakuna aliyeijua, kwa hiyo niliamka saa kumi za usiku kwa somo la saa mbili asubuhi. Siku nyingine dereva alikatisha safari nusu ya njia, tukashuka, tukalipa tena. Jioni nilikuta bukari (ugali) imeshakuwa ngumu kwenye sahani, na nguvu ya kusoma imekwisha.

Kuna mdogo mmoja tuliyesoma naye, anatembea kwa magongo. Bisi zilimwona zikapita, maana kumpandisha kulichukua dakika nzima, na katika dakika hiyo bisi ya nyuma ingebeba abiria wetu. Tulizoea kumbeba mikononi. Siku moja aliniambia, akiniita yaya kama mkubwa wake: "Yaya, nimechoka kushukuru." Neno lile sijalisahau mpaka leo.

Hapa Grenoble sakafu ya tramu inalingana na ukingo wa kituo. Ni hivyo tangu mstari wa kwanza ulipofunguliwa mwaka 1987, kwa sababu watu wenye ulemavu wa mji huu waliidai kabla haijajengwa. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia, anatoka, hamshukuru mtu.

Najua jibu la wengi: huko ni Ulaya. Lakini mwaka 1952, Grenoble ilipokuwa inaondoa tramu zake za zamani, reli ya Katanga, eneo letu la machimbo ya shaba, ilikuwa inaanza kutumia umeme. Nyaya tulizijua. Shaba ndiyo sisi wenyewe.

Tofauti ninayoiona iko kwingine, na iko ndani ya neno moja: versement. Kwetu, versement ni pesa ambazo dereva lazima ampelekee mwenye gari kila jioni. Ndiyo maana bisi haiondoki mpaka ijae, na ndiyo maana mtu wa magongo anaachwa. Dereva si mtu mbaya, anaikimbilia ile pesa. Ufaransa nako kuna versement, lakini huko wanaoilipa ni waajiri: kampuni yenye wafanyakazi 11 au zaidi hutozwa ili usafiri wa mji uende. Tramu inaondoka saa yake ikifika, kwa kuwa viti vitupu vimekwisha kulipiwa.

Siombi tramu Kasapa kesho. Naomba kituo kimoja chenye paa, taa ya usiku kwa dada zetu wanaotoka masomo ya jioni, na bisi chache zinazoondoka kwa saa zilizoandikwa hata zikiwa nusu. Makampuni ya migodi yanayochukua wahandisi wetu wakishahitimu yachangie pengo la viti vitupu. Mimi ningelianza na hilo kabla ya kuongeza jengo lolote chuoni.

Kitu kimoja nakikosa. Ndani ya tramu hakuna anayenisalimia. Kibemba changu kidogo nilikiokota kwenye bisi ya Kasapa, tumebanana watu wanne kwenye kiti cha watatu, mama mmoja amenishikisha beseni lake la mboga.

Jana nilitoka maktaba usiku. Kituoni tulikuwa wawili, mimi na msichana aliyesinzia juu ya daftari lake. Tramu ilikuja na taa zote zikiwaka, sakafu ikakaa sawa na ukingo, tukaingia. Milango ikafungwa, tukaondoka. Dereva hakusubiri tujae.