Kihisi kidogo hakina hatia

Uliza Nairobi ununue kamera gani ya kubadilisha lenzi kwa sh60,000, na mara nyingi utaambiwa Canon 600D au 700D iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya mm 18-55. Ushauri huo una mashiko. Lenzi za EF, zinazoingia kwenye kamera hizo za Canon, zimetengenezwa tangu 1987, wauzaji wanazo, wanaokodisha wanazo, na fundi anayezijua hakosekani. Ukitaja Olympus OM-D E-M10 Mark II ya 2015, ndogo, isiyo na kioo ndani, unakatizwa papo hapo: kihisi chake, kile kibapa kinachonasa mwanga, ni kidogo, gizani itakuaibisha.

Haya, tupige hesabu. Kihisi cha 700D ni mm 22.3 kwa 14.9, cha Olympus ni mm 17.3 kwa 13. Kwa eneo, Canon ni kubwa mara moja na nusu hivi. Sasa geukia lenzi. Ile 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Olympus ya mm 45, ambayo kwenye kamera yake hukupa karibu upana ule ule wa picha, hufunguka hadi f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu ulizidishe kwa lenyewe: 9.7. Lenzi inaleta mwanga zaidi ya mara tisa, kihisi kidogo kinarudisha nyuma mara moja na nusu. Bado uko mbele zaidi ya mara sita. Ndani ya ukumbi wa kanisa wenye taa chache za manjano, mahali palipodai ISO 6400 (kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga; kikipanda, picha hujaa chembechembe), sasa ISO 640 inatosha kwa kasi ile ile ya shata, pazia linalofungulia mwanga. Zile chembechembe ambazo kihisi hulaumiwa kwazo zimeletwa, kwa sehemu kubwa, na lenzi ya bure iliyokuja na boksi.

Mtetezi wa Canon atajibu kwamba naye atafunga 50 mm f/1.8 STM, lenzi ya bei nafuu sana. Akiifunga kweli, kwenye mwanga ameshinda. Shida ni kwamba pesa huisha kwenye mwili wa kamera, na ile lenzi ya pili inabaki ya "mwezi ujao". Tena f/1.8 ina mipaka yake, kwani hunoa kina kifupi tu: uso mmoja sawa, lakini safu mbili za ukoo wa bwana harusi zitataka f/4 hivi, na hapo faida niliyoipigia debe inayeyuka karibu yote.

Kinachobaki bila ubishi ni uzito na utulivu. E-M10 II na ile 45 ni kama nusu kilo. 700D ni gramu 580 kabla hujafunga lenzi, na mfuko wake unajitangaza kwenye matatu. Kisha Olympus hutuliza kihisi chenyewe mkono unapotikisika, kwa hiyo kila lenzi utakayofunga inatulizwa, hata kuukuu. Keki, mapambo, jengo la KICC jioni: mkono uliotulia unaweza kupiga kwa 1/15 ya sekunde. Anayecheza ngoma hatulizwi na chochote ila shata ya haraka.

Kwa raga au mpira, usiichukue. Ulengaji wake hupoteza mtu anayekimbia, na kamera ya Sony a6000 inamfaa zaidi mpiga picha wa uwanjani. Kwa video pia hapana, haina tundu la maikrofoni. Canon M50 inalo, na kwa adapta inakubali lenzi za EF, ingawa ukoo wake wa kamera na lenzi, EF-M, umeachwa na Canon yenyewe. Kukodi lenzi ya Olympus mjini ni kazi ya kutafuta. Betri nayo hupimwa kwa picha 320 kwa chaji moja, dhidi ya 440 za 700D. Kwa harusi nzima beba tatu.

Ningegawa hivi: kama 35,000 kwa mwili, 15,000 kwa lenzi, zilizobaki kwa betri na kadi. Unapokagua, fungua na ufunge skrini mara kadhaa ukitazama kama picha inakatika. Piga ukuta mweupe kwa f/16: madoa yanayokaa palepale katika kila picha yamo kwenye kihisi chenyewe. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Hakikisha chaja ipo, kwa kuwa E-M10 II haichajiwi kwa waya wa USB. Na ukiishia kwa Sony, fungua menyu kabla ya kutoa pesa: zilizouzwa kwa soko la Japani huzungumza Kijapani tu, na si kama gari la kutoka huko ambalo utazoea redio yake.