Ziwa si letu pekee
Wale mnasema ati Kenya tusiambiwe kitu na wazungu juu ya mazingira kwa sababu tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na mama Wangari Maathai akachukua Nobel 2004, hata mimi najivunia hayo sana. Lakini kujeni hapa Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, mvua ikishanyesha muone chupa na nepi kwa maji, magugumaji nayo yamefunga njia wavuvi hawawezi toka na mashua. Hizo taka hakuna mzungu ameleta! Na hili ziwa tuko nalo na Uganda na Tanzania, maji yanatokea Jinja yanaingia Nile mpaka Misri. Marekani walipe kabisa kwa sababu wamechafua hewa kuliko sisi, lakini mitaro ya mtaa wetu wa Kondele tuzibue wenyewe na kaunti ilete mapipa.