Anayesifu matanga aanze ngamani

Peking, merikebu ya milingoti minne iliyoundwa Hamburg mwaka 1911, imerudi mji huo tangu 2020, na kila anayeiona huinua macho kwenye foromali, zile boriti zinazobeba matanga, na kutoa simu apige picha. Sawa, inapendeza. Lakini iliundwa kubeba shura, chumvi ya kutengenezea mbolea na baruti, kutoka Chile, na kwangu mimi nusu ya ubaharia wake ilimalizika ngamani, yaani tumboni mwa chombo panapowekwa shehena, kabla tanga hata moja halijafunguliwa.

Shura ni nzito mno. Ukiitandaza ngama nzima, uzito wote hukaa chini kabisa, na merikebu ikilazwa na wimbi hurudi wima kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachovunja milingoti. Ndiyo maana magunia yalipangwa kwa umbo la piramidi, mapana chini na membamba juu, ili uzito upande juu na mwendo wa chombo uwe mpole. Kazi hiyo ilikuwa ya mpangaji stadi: gunia lilitoka mgongoni na kuangukia mahali pake mara moja, halisogezwi tena. Heshima anayopewa nahodha, mtu huyu naye aliistahili.

Nafaka ina hatari nyingine. Ikimwagwa bila magunia, hushindiliwa na mtikiso wa safari hadi pengo linatokea chini ya sitaha. Chombo kikiinamia demani, upande usiopigwa na upepo, punje hutiririka upande uleule, kinazidi kulala, zinazidi kutiririka. Kinga yake ni mbao za kuigawa ngama katikati kwa urefu, na magunia yaliyojaa juu ya nafaka kuikandamiza. Kuitia yote magunia ni salama zaidi, ila hula siku na ujira wa makuli.

Merikebu nyingine, Pamir, iling'oa nanga Buenos Aires Agosti 1957 na zaidi ya tani 3,700 za shayiri, nyingi haikutiwa magunia. Hata matangi ya farumi, yaani ya uzito wa kukituliza chombo, yalijazwa shayiri. Septemba 21 ilikutana na tufani Carrie katika Atlantiki, ikalala, ikazama. Kati ya watu 86 walipona 6. Uchunguzi uliofanyika Lübeck ulitaja kusogea kwa shehena miongoni mwa sababu. Wanaosimulia mkasa huo hupenda kueleza upepo na mawimbi tu, nami naona wanawanyima haki wale vijana, maana wengi walikuwa wanafunzi wa ubaharia, na shayiri ile ilikuwa chini ya miguu yao tangu bandarini.